Likizo ya matopeni: bamvua moja kwenye mikoko ya Bagamoyo

Jumanne

Coaster za Bagamoyo zinapakia Makumbusho na Jumanne mchana hazina fujo za wikiendi, nikapata siti ya dirishani nikaliweka begi miguuni, konda akaliangalia akauliza dada humo umebeba mawe? Nikamwambia gambuti, chepe la mpini mfupi na mafuta ya nazi, akacheka akaniacha. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, watu wanashuka wanapanda, na lile joto la kaskazi la Februari yaani hata upepo wa dirishani unakuja wa moto.

Naenda kwa binamu yangu, mtoto wa mama mdogo, kaolewa Bagamoyo miaka mingi na yupo kwenye kikundi cha kinamama na wavuvi wanaotunza mikoko kwa makubaliano na watu wa misitu. Kila bamvua wanakaribisha watu wa kujitolea. Nilimsumbua muda mrefu tupange wikiendi, yeye ananijibu niangalie mwezi niachane na kalenda. Kwa ambao hamjakaa pwani: mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, maji yanajaa kupita kawaida na yanakupwa kupita kawaida, hiyo ndo bamvua, na katikati yake kuna maji mafu ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Pwani hii maji ya bamvua yakikupwa ni mida ya saa nne kwenda saa tano asubuhi, alafu kila siku yanachelewa kama dakika 40 hadi 50, kwahiyo kazi ya leo ikianza saa tatu, baada ya siku kadhaa inaanza saa sita juani kabisa na hakuna wa kumlalamikia.

Jioni nikapelekwa kwa mwenyekiti, mama mmoja mtu mzima, mkavu wa maneno, anakuna nazi huku anaongea. Shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja kupanda au kupiga picha?" Nikasema vyote. "Haya. Picha utapiga. Kupanda tutaona."

Kupanda tutaona vipi tena na mi nimeomba likizo kazini kwa ajili ya kupanda mikoko? Binamu kanikonyeza ninyamaze.

Jumatano

Siku ya kwanza wageni hawashiki kitu, wanatembezwa. Tumeenda upande wa Kaole na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa mkata boriti, enzi hizo boriti za mikoko zinapakiwa majahazini kwenda Uarabuni na Ghuba, mpaka serikali ilipopiga marufuku ukataji mwaka 1987. Sasa hivi huyo huyo ndo mwalimu, na kwakweli sijaona mtu anayeijua miti kama aliyewahi kuikata maana kila mti anaujua kwa kazi yake. Huu mlilana, tulitoa mataruma ya majahazi, zile mbavu za ndani za chombo. Huu mkandaa, ganda lake linatoa rangi na fito zake hazipindi. Huu mkomafi, angalia tunda lake, linatosha mtoto kuchezea mpira, mbao yake safi. Huu msinzi. Huu mchu, haunyooki lakini ndo mgumu wa roho kuliko wote.

Mi nilikuja najua mkoko ni mkoko. Kumbe Tanzania wanahesabu aina kama 10 na kila moja ina mahali pake kutegemea maji ya chumvi yanaufikia mara ngapi na yanakaa muda gani. Mlilana unakaa mbele kabisa baharini. Nyuma yake ile mikoko yenyewe yenye mizizi iliyojipinda mpaka huwezi kupita bila kuinama na kutambaa, afu misinzi na mikandaa, afu kule juu karibu na nchi kavu ambako maji yanafika kwenye bamvua tu unakuta michu tena, mifupi, na kikandaa. Mchu ni wa ajabu maana unauona mbele na unauona nyuma. Mzee kanipa jani lake nililambe, chumvi tupu! Unanyonya maji ya bahari alafu chumvi unaitoa kwenye majani, na mizizi yake midogo imesimama wima nje ya tope ili ipate hewa kwasababu ndani ya lile tope hewa hakuna, ndo maana linanuka kama yai viza. Mbegu ya mkoko nayo inaota ikiwa bado juu ya mti, inarefuka mpaka inakuwa kijiti cha kijani, ndo inadondoka, na ikibebwa na maji inaweza kuelea wiki nyingi kabla haijapata pa kushika.

Kaole yenyewe wengi tunaijua kwa magofu, msikiti wa kale na makaburi yenye minara. Kitu ambacho sikuwahi kukiwaza nilipokuja na shule ni kwamba pale zamani palikuwa bandari. Vyombo vilitia nanga mbele ya mji ule. Wenyeji wanasema mchanga na tope vikajaa, maji yakawa mafupi, mikoko ikashika, biashara ikahamia Bagamoyo. Sasa unasimama pale unatafuta bahari unaona msitu. Nikamuuliza mzee ule msitu nani kaupanda, akaniangalia kama vile nimeuliza nani kapanda mawingu.

Alhamisi

Leo ndo nimeelewa yale maneno ya mwenyekiti.

Saa tatu tumeshavuka, maji yanakimbia kutoka, mwenyekiti akatupitisha kwanza kwenye sehemu moja ya tope wazi mbele ya msitu, baharini kabisa. Kuna vijiti vimepangwa kwa mistari mizuri, vimenyooka, vimekauka, vingine vimejaa vigamba vya baharini. Hapo kuna kampuni walikuja na mabasi, fulana mpya, spika, wakapanda mikoko asubuhi moja, wakapiga picha, wakala pilau, wakaondoka. Kikundi hakikuulizwa. Sehemu walipopanda pako chini mno, maji yanakaa masaa mengi, mawimbi yanapiga, mche hauna pa kupumulia, na wote ni aina moja, ule mkoko wa kijiti, kwasababu ndo rahisi kuokota na rahisi kuchomeka, hata mtoto anaweza. Mwenyekiti hakutoa hotuba yoyote, kasimama tu pale kwa muda tuangalie, afu akasema twendeni kwenye kazi.

Kazi iko nyuma ya msitu, kwenye shamba la chumvi lililoachwa. Enzi zile waliofungua shamba walikata michu, wakajenga matuta ya udongo kuzunguka ili maji yaingie wanapotaka na yakauke. Walipoondoka matuta yakabaki. Matokeo yake bamvua inapanda inaishia nje ya tuta, mvua ikinyesha maji yanatuama ndani, jua likiwaka yanakauka na chumvi inazidi kujikusanya, ardhi imekuwa nyeupe ngumu inapasuka, hakuna kinachoota, na hata ukipanda miche mia ndani ya tuta itakufa mia. Kwahiyo kujitolea ni kushika chepe na sururu, unavunja tuta pale ambapo zamani palikuwa na mkondo, unachimba njia ya maji iwe na mteremko mdogo wa kuingia na kutoka. Mzee ndo anaonyesha mkondo wa zamani ulipita wapi, anaukumbuka kwasababu alipita nao na mtumbwi wa boriti!

Tuta la udongo wa chumvi uliokauka miaka yote hiyo, nakwambia sururu inadunda. Sisi tuliotoka Dar tulikuwa watatu, mwenzetu mmoja wa chuo akauliza sasa tukimaliza kuchimba tunapanda lini? Binamu yangu akamjibu hatupandi, maji yatapanda yenyewe. Yani yakishapata njia yanaosha ile chumvi, yanaleta na mbegu kutoka msitu wa jirani, na kila mbegu inakwama pale panapoifaa. Sehemu ambayo mbegu haifiki, labda msitu mama uko mbali au umeshakatwa, hapo ndo unasaidia kwa miche ya kitalu. Ila hiyo ni hatua ya mwisho, na wageni wengi tunataka kuanzia mwisho kwasababu kuchomeka mche kunapendeza kwenye picha na tuta lililobomolewa halipendezi.

Saa nane maji yalishaanza kurudi tukatoka. Viganja vyangu sitaki kuviongelea.

Ijumaa

Wanaume wameenda swala na maji ya kupwa leo yameangukia karibu na saa sita, kwahiyo asubuhi kazi ya kitaluni na kinamama, kujaza viriba tope lililochanganywa na mchanga kidogo na kupanga mbegu za mchu. Kitalu chenyewe kiko sehemu ambayo maji ya bamvua yanafika, miche inajifunza chumvi tangu mtoto. Umbea umepigwa kisawasawa. Nimejua nani kaachika, nani kamnunulia nani bati, na kwamba fedha inayoweka kikundi hai haitoki kwenye miti moja kwa moja, ni mizinga ya nyuki waliyoitundika msituni na kaa koko wanaowanenepesha kwenye vizimba kabla ya kuuza. Asali ya mikoko kama hujawahi kuonja ina rangi nzito kidogo na kama kachumvi kwa mbali, au labda ni mimi nilivyokuwa na chumvi mdomoni siku nzima.

Alasiri maji yanapanda tukaenda kuangalia ndege kwenye mashamba ya chumvi yanayofanya kazi kaskazini mwa mji. Muda mzuri wa ndege ni maji yanapojaa, yanawasukuma kutoka kwenye tope la mbali mpaka wanakuja karibu na watu. Vitwitwi wengi mno wanakimbia kama wamechelewa daladala, yangeyange, korongo, na sululu wale wenye mdomo mrefu uliopinda chini. Sululu anakuja kutoka kaskazini ya Ulaya na Urusi, anakaa kwetu kipindi cha baridi ya kwao, na wengi wanaanza kurudi karibu na masika. Kuna mwingine mweupe na mweusi, mdomo mnene, chakula chake kikubwa kaa, yeye anazaliana pwani za Uarabuni na kutaga kwenye mashimo mchangani, afu anashuka mpaka huku. Mzee alipoambiwa hilo akasema basi njia ni ile ile ya majahazi ya boriti. Alikuwa ametoka msikitini na kanzu yake nyeupe, anatembea juu ya tuta la chumvi bila kuchafuka hata nukta, sisi wote tope mpaka masikioni.

Tarehe 2 Februari ilikuwa imepita siku chache tu, siku ya ardhi oevu duniani, yani sehemu za maji na tope kama hizi za mikoko, inakumbuka mkataba uliosainiwa mji wa Ramsar kule Iran mwaka 1971. Tanzania iliingia mwaka 2000 na ina maeneo manne kwenye orodha ya mkataba huo, Malagarasi-Muyovozi, Ziwa Natron, Bonde la Kilombero na Rufiji-Mafia-Kilwa. Bagamoyo haimo. Haimaanishi kwamba haina ulinzi, mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya msitu ya serikali, lakini ukiongea na wageni wengi wanadhani kama hakuna geti na kibao basi sio hifadhi.

Jumamosi

Tumeamka saa kumi alfajiri kwenda mdomo wa mto Ruvu kabla maji hayajaanza kutoka, ukichelewa chombo kinakaa kwenye tope na utasubiri mpaka jioni. Nahodha ni shemeji yangu. Wazee wengine mto huu mpaka leo wanauita Kingani.

Mi nakaa Tabata, maji nayooga mengi yanachotwa kwenye mto huu huu huko juu, unatoka milima ya Uluguru, unapita mashamba na mitambo ya maji ya Dar, na kinachobaki ndo kinafika hapa kukutana na bahari. Hiyo mikoko inaishi kwa mchanganyiko huo, tope la milimani na chumvi ya bahari. Maji ya mto yakipungua chumvi inapanda juu zaidi. Sikuwahi kuunganisha bomba langu la uani na kamba wa Bagamoyo, na kamba hao wanakulia humu humu, wadogo wanajificha kwenye mizizi mpaka wakue ndo watoke baharini wakavuliwe.

Jua linatoka tukawaona viboko, familia nzima, macho na masikio tu. Shemeji akazima injini tukapita mbali kwa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, hana mzaha na viboko, kasema mamba anakutafuta akiwa na njaa ila kiboko anakutafuta akiwa amekasirika na hujui nini kimemkasirisha. Mamba tulimuona mmoja tu, mkubwa, ukingoni, hakujisumbua hata kugeuka.

Ndani zaidi kwenye kijito kimoja kuna visiki vipya. Mikandaa imekatwa chini kabisa, sehemu kama uwanja wa mpira wa watoto, na fito zimefichwa pembeni zinasubiri maji ya usiku. Shemeji hakushika kitu, kapiga picha, kaandika mahali, atapeleka kwa bwana misitu. Nikamuuliza unawajua? Akasema "shem, huku watu wote wanajuana." Na hapo ndo pagumu. Ukienda soko la samaki pale ufukweni, muulize anayekaanga, atakwambia kuni za mikoko zinawaka kali na zinakaa, hakuna mfano wake. Tanuri za chokaa zinazitaka, wajenzi wanazitaka, na anayekata kalipwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga tope. Nilikula changu wa kukaanga jioni ile na kuni sikuuliza, njaa ilikuwa imenizidi.

Jumapili

Kikundi kimepumzika kwahiyo wageni tukachangishana gari kwenda Saadani kupitia Makurunge. Hii sitaandika sana maana ukienda Saadani utaandikiwa na kila mtu. Ilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 na inapakana na Bahari ya Hindi, unaweza kuona twiga asubuhi na ukaoga baharini mchana, kasa wa kijani wanataga ufukwe wa Madete. Boti ya mto Wami ni tamu, viboko wengi, mdiria anapita kama mshale wa buluu, na mikoko ya mdomoni mwa Wami mikubwa minene jinsi ile tuliyoiona Ruvu ingekuwa kama isingeguswa. Tulichoshangaa wote ni ukimya wa visiki. Hamna. Mzee wa boriti tulikuwa tumemchukua naye, hakuwahi kuingia hifadhini kama mtalii, alikaa mbele ya boti anaipima miti kwa macho, "hii boriti, hii boriti, hii taruma", muongozaji akaanza kumuangalia kwa wasiwasi mpaka tukamweleza.

Jumatatu

Siku ya kuhesabu. Kuna kipande cha lile shamba la chumvi walichokifungua kabla yangu, misimu kadhaa nyuma, na kila baada ya muda wanapima. Unavuta kamba, unapiga vigingi, unapata mraba, unahesabu kila mche ulioota wenyewe ndani yake, aina gani, urefu gani, hai au umekufa. Kazi ya kuchosha mgongo na akili, jua la saa saba liko utosini, mwenzako anaandika na wewe unasema mchu, mchu, mchu, kikandaa, mchu, mkandaa, aliyekufa, mchu. Hakuna aliyevipanda. Michu mingine imenifika kiunoni, na katikati yake vikaa vidogo vyenye gando moja kubwa vinapungiana, na tondo wametapakaa kwenye tope, kinamama wakasema tondo wakirudi ujue tope limepona.

Upande tuliovunja sisi Alhamisi bado hapana kitu, weupe ule ule, ila chini kwenye mfereji maji yameacha alama ya kuingia na kuna majani mawili matatu yameletwa kutoka msituni. Mwenyekiti akashika udongo akalamba. "Bado kali." Basi, akaendelea na kuhesabu.

Wakati wa kuaga nikamwambia kazini kwetu wana bajeti ya shughuli za jamii na nikiwaambia wanaweza kuja watu 60. Akanyamaza kidogo. Akasema waje, ila waje na machepe 60, waje bamvua ya mwezi mpevu, wajigawe makundi manne wasije wote siku moja maana watu 60 wakikanyaga mfereji watauziba, chakula wapike kinamama wa kikundi kwa hela, na miche atawapa kumi, ya kupigia picha, wapande kitaluni. Nikayaandika yote kwenye simu nikiwa kwenye coaster, tulipofika Bunju network ikakaa sawa nikayatuma kwa mtu wa utawala kama yalivyo. Kajibu kabla hatujafika Tegeta: wazo zuri sana, je fulana ziwe za kijani au nyeupe. Nimemjibu zozote zitakazovumilia tope, na nikamkumbusha kuhusu machepe. Kwenye machepe bado hajanijibu.